Tangi Lenye Pua: Mashua ya Plastiki Kutoka Uthiru Hadi Naivasha

Siku mashua yangu ilipoteremshwa kutoka kwenye pikapu hapa Uthiru, Nairobi, si mbali na Barabara ya Naivasha, mtu wa kwanza kuja kuitazama alikuwa jirani yangu, mzee aliyevuka miaka themanini. Aliizunguka mara mbili bila kusema neno. Kisha akaigonga ubavuni kwa bakora, akatega sikio kama mtu anayechagua mtungi sokoni, akainua macho kwenye tangi la maji lililo juu ya mnara wa chuma nyuma ya nyumba.

"Hili ni tangi," akasema. "Wamelitia pua tu."

Imenichukua miaka mitatu, pesa kiasi na hofu kubwa ya siku moja barabarani kuelewa jinsi mzee alivyogonga ndipo.

Matangi ya plastiki yaliyojaa juu ya mapaa ya Uthiru, Kinoo na Kangemi hutengenezwa hivi: unga wa plastiki aina ya poliethilini hutiwa ndani ya kalibu ya chuma, kalibu ikafungwa, ikaingizwa kwenye tanuri na kuzungushwa polepole huku na huku hadi unga uyeyuke na kujipaka kila pembe. Ikipoa hufunguliwa, na chombo hutoka kizima, hakina mshono wala msumari. Mashua nyingi ndogo za plastiki huzaliwa kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo tangi na mashua ni ndugu wa tumbo moja, na tabia zao ni moja. Haziozi. Hazinywi maji. Fukusi na mchwa hawana cha kutafuna. Lakini hazikubali gundi, rangi haizishiki, jua kali huzilegeza, na ukizitoboa ovyo zitapasuka siku usiyoitarajia. Anayeinunua mashua ya namna hii akidhani ni mbao iliyobadilishwa rangi atajuta.

Nilizaliwa Kisumu, na utoto wangu mwingi uliishia ufuoni Dunga, nikiwasaidia wavuvi kuvuta mashua mchangani ili nipewe samaki mmoja wa kupeleka nyumbani. Kazi ikanileta Nairobi. Huku, kutoka Uthiru hadi Bahari ya Hindi ni karibu kilomita 500 za lami, na Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953 na ambalo zamani watu walilitumia kwa mashua za tanga, limezibwa na gugumaji na taka. Ni uchungu kusimama ukingoni mwa bwawa lile ukijua kwamba mji huu uliwahi kuwa na mahali pa kuelea. Basi anayetaka maji hana budi kuyafuata, na maji ya karibu ni Ziwa Naivasha, takriban kilomita 90 kutoka katikati ya mji.

Mashua yenyewe niliinunua ikiwa imeshatumika, kwa familia iliyokuwa ikihama nchi. Ina urefu wa mita 3 na sentimita 20, rangi yake ilikuwa ya kijani na sasa imefifia, na watu wawili wenye mgongo mzima wanaibeba. Niliinunua bei nafuu kwa sababu ilikuwa na ufa chini ya tezi, urefu wa kidole. Muuzaji hakunificha. Aliniambia waziwazi kwamba waliiburuta juu ya changarawe mwaka hadi mwaka, kwa kuwa plastiki inaonekana haiumii. Nami nikajisemea kwamba Nairobi haikosi fundi.

Kweli haikosi. Kando ya barabara zetu wapo mafundi wanaounganisha bampa za magari kwa moto, na kazi yao ni safi. Nilimpelekea mmoja. Akachukua ujiti wake wa plastiki nyeusi, akauyeyusha juu ya ufa, akalainisha kwa kisu cha moto, akapiga msasa. Ungedhani hapakuwahi kuwa na ufa. Wiki mbili baadaye niliingiza ukucha ukingoni mwa kiraka, kikabanduka chote kama ganda la yai.

Simlaumu fundi. Kosa lilikuwa letu sote wawili, la kudhani plastiki ni plastiki. Ukigeuza bampa utaona ndani herufi PP, yaani polipropilini, na mashua yangu ina herufi PE. Zote mbili zinaelea majini, zote zinayeyuka, lakini hazichanganyiki: moja hulala juu ya nyingine kama mafuta juu ya maji yaliyoganda. Kuunganisha plastiki kwa moto ni lazima damu ifanane.

Hapo ndipo nilipoyakumbuka maneno ya mzee, nikaenda kutafuta fundi wa matangi.

Nilimpata anakofanyia kazi, chini ya mwavuli wa turubai, amezungukwa na vipande vya matangi yaliyokufa. Hakuanza na ufa. Kwanza alikwangua ukucha wa plastiki kutoka ukingo wa mashua, akaubana kwa koleo, akauwasha. Moto ukawa wa samawati chini na wa njano juu, matone yakaanguka yakiwaka. Akauzima, akanisogezea pua. "Nusa," akasema. Ulinuka mshumaa uliozimwa sasa hivi. Akachukua ukucha mwingine kutoka tangi bovu, akauwasha, akanisogezea tena. Mshumaa uleule. "Basi hawa wanajuana," akasema.

Kisha akafanya jambo ambalo yule wa kwanza hakulifanya: alitoboa tundu dogo la mviringo katika kila mwisho wa ufa, ili ufa usiendelee kutembea. Akauchimba kwa ncha ya kisu hadi ukawa mfereji wenye umbo la V. Akakata ukanda mwembamba kutoka kwenye tangi, akaupasha pamoja na mfereji kwa hewa moto hadi pande zote mbili zikang'aa kama zimelowa, ndipo akausindilia ndani kwa kirola kidogo cha chuma. Alirudia mara tatu, akiacha kila tabaka lipoe lenyewe. Nilipotaka kumwagia maji ili lipoe haraka, alinishika mkono. Plastiki ikipozwa kwa pupa hujikunja ndani, akaniambia, na kiraka hufa kabla ya kuzaliwa. Kiraka kile kina miaka mitatu sasa. Ni kibaya kukitazama, cheusi juu ya kijani, na sina sehemu ya mashua ninayoiamini kuliko hapo.

Nilijifunza jingine nyumbani, tena bila kumlipa mtu. Miezi ya kwanza niliilaza mashua tumbo chini juu ya mawe mawili, kama nilivyoona ikifanyiwa mashua ya mbao. Januari, jua likawaka, na siku moja nikaona sehemu zilizokaa juu ya mawe zimeingia ndani, kila moja kama sufuria iliyokanyagwa. Nilihuzunika siku nzima. Dawa yake ni ileile iliyoleta ugonjwa: niliitoa juu ya mawe, nikaigeuza tumbo lipate jua, nikamwaga maji ya moto kwenye mabonde, nikayasukuma kwa kiganja kutoka ndani. Polepole yakarudi. Plastiki hii hukumbuka umbo ililozaliwa nalo, mradi usiisubirishe mno. Siku hizi hulala ubavu dhidi ya ukuta, chini ya paa, juu ya matairi matatu ya zamani, ili uzito usikae mahali pamoja.

Mageuzi niliyoifanyia ni machache, na kila moja lilitokana na haja. Kiti cha katikati nilikifanya kwa ubao wa saipras kutoka yadi ya mbao ya hapa karibu, kwa kuwa kile cha plastiki kilikuwa kikipinda nikipiga makasia. Vishikio vya fimbo za kuvulia ni vipande vya paipu ya maji. Mahali makasia yanaposuguana na ukingo nimefunga ukanda wa tairi, mpira uleule wa viatu vya akala. Kila bolti niliyotia niliitobolea tundu pana kuliko bolti yenyewe, kwa sababu plastiki hutanuka kwa joto kuliko chuma, na isipopata nafasi hupasuka kuanzia hapo. Silikoni haishiki kitu, niliijaribu, kwa hiyo maji huzuiwa na washa ya mpira iliyobanwa kati ya washa mbili pana za chuma.

Jambo la maana kuliko yote haya halionekani. Chini ya viti palikuwa na sponji ngumu ya kuielesha mashua ikijaa maji, nayo ilikuwa imeliwa na panya. Nikaweka madumu manane ya mafuta ya kupikia, ya lita 10 kila moja, matupu, vifuniko vimekazwa, nikayafunga kwa mikanda yasichomoke. Lita 10 za hewa hubeba takriban kilo 10 majini. Manane ni kilo 80. Plastiki ya mashua hujielesha yenyewe, lakini haiwezi kumwelesha mtu na mizigo yake. Nilipoizamisha makusudi kwenye maji ya kiunoni ili nione, ilijaa hadi ukingo na bado ilikataa kwenda chini. Nawaomba wote wenye vyombo vidogo wafanye jaribio hilo karibu na nchi kavu, kabla ziwa halijawafanyia.

Kisha kuna barabara. Ndipo watu wengi hunishangaa: mnabebaje mashua katikati ya Nairobi? Lakini eneo letu limezoea mashua zinazosafiri nchi kavu kuliko tunavyokumbuka. Mwaka 1875 msafiri Stanley aliishusha Ziwa Victoria mashua yake, Lady Alice, iliyotoka pwani ya Bagamoyo vipande vipande mabegani mwa wapagazi. Meli ya William Mackinnon nayo ilitoka Uskoti, ikapandishwa bara vipande kutoka Mombasa, ikaunganishwa Kisumu na kuteremshwa majini mwaka 1900. Majina ya meli hizo yamo vitabuni. Ya wengi waliozibeba hatuyajui, na mimi nikiibeba yangu na kijana mmoja hatua thelathini tu hadi langoni, huwafikiria wale.

Na karibu zaidi na wakati wetu kuna Flipflopi. Ali Skanda, fundi wa majahazi wa Lamu, na wenzake waliunda jahazi la mita 9 hivi kwa plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, wakalivika vipande vya malapa yapatayo 30,000. Liliingia majini Septemba 2018, mwaka mmoja baada ya Kenya kupiga marufuku mifuko ya plastiki, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri kama kilomita 500 hadi Unguja. Mwaka 2021 lilikuwa Ziwa Victoria, likianzia Kisumu. Hakuna mto unaotoka Lamu kwenda Kisumu. Jahazi lilibebwa barabarani kama langu, ila kwa safari ndefu mara nyingi zaidi. Kwangu mimi, heshima ya kazi ile iko katika ufundi: wale mafundi waliokua wakisoma mbao kwa kiganja ilibidi wajifunze upya namna plastiki inavyopinda, inavyokataa msumari, inavyolegea juani. Kila aliyewahi kutoboa ubavu wa mashua ya plastiki anajua walichopambana nacho.

Safari yangu ya kwanza nilikodi pikapu stejini. Dereva alikuwa mtu wa heshima aliyezoea kubeba makochi na magunia ya viazi. Akailaza mashua kama kochi: tumbo chini, omo imepita juu ya kichwa cha gari, imefungwa kwa kamba moja ya mkonge. Nikanyamaza, kwa kuwa nilidhani anajua. Tulishika Waiyaki Way saa kumi na moja alfajiri, tukapita Kinoo na Gitaru, na Rironi tukaacha barabara ya juu tukateremka kuelekea Mai Mahiu. Tulipofika pale Bonde la Ufa linapofunguka lote mkono wa kushoto, lori likatupita kwa kasi kutoka chini. Upepo wake uliingia ndani ya mashua kama ndani ya kijiko. Nilisikia kamba ikilia, kisha omo ikainuka. Nikaiona kupitia kioo ikisimama hewani, na nyuma yetu matatu iliyojaa watu.

Dereva alisimamisha gari bila kukanyaga breki kwa ghafla, na ninamshukuru hadi leo. Nilishuka miguu ikitetemeka. Kamba ilikuwa imebakia nyuzi chache. Kama ingekatika, hakuna kiraka cha fundi yeyote ambacho kingeliziba jambo lile.

Tangu siku hiyo mashua husafiri kifudifudi, ili upepo upite juu ya tumbo lake kama juu ya paa. Mikanda miwili mipana yenye kikazio cha chuma huikatiza katikati, na kamba mbili hutoka omo hadi kwenye chuma cha bampa ya mbele, kulia na kushoto. Mkanda hupindwa mara moja kabla ya kukazwa, la sivyo upepo utaupigisha kelele hadi Naivasha. Kitambaa chekundu huning'inia nyuma. Na tukifika Mai Mahiu tunasimama kukaza upya, kila mara, hata kama kila kitu kinaonekana sawa. Kule juu Rironi kuna baridi na ukungu, plastiki imekakamaa. Huku chini joto limeilegeza, na mkanda uliokuwa umebana sasa unaingiza vidole viwili. Lakini usiukaze kwa hasira. Ukiubana mno na jua likiwa kali, utafika ziwani na mashua yenye kiuno.

Wenye tela wana nafuu, ila tela ni gari mbele ya sheria: lina namba yake, ile inayoanza na Z, na taa zake. Mimi sina mahali pa kuliweka.

Chini ya mteremko wa kuelekea Mai Mahiu kuna kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942, walipokuwa wakiichonga barabara hii. Na mbele kidogo ni Mai Mahiu penyewe, ambapo usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024 maji yalibomoa tuta la reli juu ya mji na kuwachukua watu kwa makumi wakiwa usingizini. Hatuwezi kupita pale tukiwa na mashua juu ya gari bila kunyamaza. Haingefaa kitu usiku ule, hilo nalijua. Bado tunanyamaza.

Naivasha tunashukia Kamere, upande wa kusini, ambako wavuvi wana ufuo wao na kikundi cha kuusimamia, kiitwacho BMU. Huanzi kwa kuteremsha mashua. Unaanza kwa salamu, unaonyesha leseni yako ya kuvua, unauliza asubuhi hii viboko wamelala wapi. Mara ya kwanza mvuvi mmoja wa makamo aliiinua omo yangu kwa mkono mmoja, akaiachia.

"Ndugu yangu, hii ni nyepesi," akasema. "Wepesi ni mzuri huku nje. Kule ndani kiboko akiamka chini yako, hata hatajua amekupindua."

Akanionyesha kwa kidole mstari wa kufuata, mbali na mafunjo, na akanitaka niwe nimerudi kabla ya saa saba mchana. Ziwa lile alfajiri ni kioo. Mchana upepo hushuka na ndani ya nusu saa mawimbi huwa mafupi na ya kukorofisha, yanayopiga mashua ndogo kabla haijamaliza kupanda la kwanza. Nimemtii kila safari. Jaketi okozi silivui hata nikishikwa na joto, nami huwaona vijana wa rika la wanangu wakitoka kuvua bila hata moja mashuani, na moyo huniuma. Jaketi ni ghali kwa mtu anayelipwa kwa samaki wa siku. Ingekuwa ni mimi ninayepanga bajeti ya kaunti, ningeanzia hapo.

Tunavua kwa ndoano, na mara nyingi anayekuja ni kapi, samaki mgeni aliyeanza kuonekana ziwani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mashua ya plastiki ina kosa moja la uvuvi nisilolificha: ina kelele. Ukidondosha koleo ndani, ziwa zima limesikia, kama vile mtu amepiga tangi. Nimetandika zulia kuukuu sakafuni.

Kabla ya kurudi, tunaiosha palepale ufuoni na kuikausha kwa kitambaa, ndani na nje, hata kwenye matundu ya makasia. Watu huniuliza kwa nini najisumbua. Gugumaji lilionekana Naivasha mwaka 1988, na jani moja lenye mizizi linatosha kuanzisha shamba mahali pengine. Mimi ninayepeleka mashua Naivasha leo na Kisumu Disemba, sitaki kuwa mtu aliyelibeba.

Jumamosi iliyopita tulifika Uthiru jioni. Nilikuwa nimebakisha kapi wawili. Jirani yangu, kama wazee wengi wa Kikuyu wa rika lake, hakulelewa akila samaki, na sijawahi kumshurutisha. Lakini alikuja langoni kama ajavyo kila tukirudi, akatusaidia kwa maneno tulipokuwa tukiilaza mashua juu ya matairi, akainama akapapasa kile kiraka cheusi chini ya tezi kwa kidole gumba.

"Kimekaa," akasema.

"Kimekaa, Mzee."

Akarudi kwake. Baada ya muda nikasikia bakora tena. Alikuwa ameshika kwapani kipande cha plastiki nyeusi, kipana kama sinia, kingo zake zimekatwa kwa msumeno. Tangi lake la zamani lilipasuka wakati wa baridi, akaniambia, na mjukuu wake alitaka kuliuza kwa wanaonunua plastiki. Kipande hiki amekizuia.